Karatasi Alizozika Stara binti Halfani

Mwanamke aitwaye Mgeni alipokuja kuulizia cheti chake, Stara binti Halfani alikuwa amekwisha kukizika, siku kumi na tisa zimepita. Na alikizika vizuri. Alikifunga pamoja na karatasi nyingine ndani ya bafta nyeupe, akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akasoma Fatiha, akafukia, akakanyaga udongo kwa miguu yake miwili. Hakuna atakayesema Stara alikuwa mzembe. Mzembe angeziacha sandukuni, panya wazitafune kingo tu, na Mgeni angepona.

Huo ulikuwa wakati wa Mdachi, reli ina mwaka wa tatu tangu ifike Dodoma. Mji wenyewe ulikuwa bado mdogo: stesheni, boma, maduka ya Wahindi, na nyumba za watu wa pwani ambao babu zao walikuja na misafara wakachoka kurudi. Stara alikuwa mmoja wa hao. Mwanamke mrefu, mkavu, shingo haiinami hata akibeba maji. Mumewe, Abdulkadiri, alikuwa wakili. Alikuwa akiwaandikia watu arzuhali zao kwenda bomani, akasimama nao barazani, akawasemea wasioweza kusema mbele ya Mzungu. Waswahili walimjua, Wagogo wa vijijini walimjua, hata Wahindi walimpelekea mambo yao.

Karatasi za watu alizitunza ndani ya sanduku la mninga lenye kufuli mbili. Miguu ya sanduku ilisimama ndani ya makopo manne yaliyotiwa majivu na mafuta ya taa, mchwa wasipande. Ndani kulikuwa na ubao katikati. Shauri lililo hai lilikaa kushoto, lililokwisha likakaa kulia. Na siku shauri linapokwisha, Abdulkadiri aligeuza karatasi ya juu akaandika mgongoni, kwa herufi za Kiarabu, neno moja: Alhamdulillahi. Kisha akalihamisha upande wa pili. Zikipita mvua tatu na mwenyewe hakurudi, alichimba shimo nyuma ya nyumba akazizika. Kuzichoma hakutaka, kwa sababu ya jina la Mungu lililomo. Kuzitupa hakutaka vilevile, kwa sababu ya siri za watu.

"Mtu akinipa karatasi yake amenivulia nguo," alikuwa akisema. "Sasa nitoke nikaianike uani?"

Stara hakusoma chuo cha Kurani. Baba yake alimfundisha kulitambua jina la Mungu popote lilipoandikwa, asije akalikanyaga, na kwa mumewe akajiongezea hilo neno Alhamdulillahi, maana alilitazama miaka na miaka. Basi, elimu yake ikaishia hapo. Lakini funguo za sanduku zilining'inia shingoni mwake yeye, si kwa mumewe, na alijivunia hizo funguo kuliko bangili zake. Kila mara Abdulkadiri alipozika karatasi, Stara alikuwa pembeni na jembe. Alimwona akizika. Hakuwahi kumwona akichagua. Hakujua kwamba kabla ya jembe kulikuwa na kazi ya jioni nzima, mzee amekaa peke yake anapekua moja moja, akitoa zile zenye muhuri wa serikali ili ziwarudie wenyewe.

Abdulkadiri alikufa kiangazi kilipoanza, homa ya siku nne. Na hapo ndipo sanduku lilipoharibika.

Mzee yule, kama wanaume wengi wa kwao, alikuwa amejinunulia sanda yake mapema. Aliiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya karatasi zote. Siku ya msiba, waoshaji wanaita sanda, wanawake wamejaa chumbani, maji yanachemka, kila mtu anaharakisha kwa sababu maiti hakai. Wakafungua sanduku, wakatoa karatasi kwa mikono miwili miwili kama watoao majani ya mahindi, wakaivuta sanda na kilichokuwa chini yake. Baadaye jirani mmoja mwenye huruma akazirudisha zote ndani, akafunga, akamvisha Stara funguo zake. Alizirudisha vipi? Alizishindilia. Kushoto hakukuwa kushoto tena, wala kulia hakukuwa kulia.

Stara akaingia edani, miezi minne na siku kumi. Akakaa ndani, nguo moja nyeupe, hatoki nje ya ua, mwanaume asiye wake haoni hata kisigino chake. Eda yake ilipofika siku ya sabini na nane ikaja habari kutoka Bagamoyo kwamba shemeji yake atakuja kugawa mirathi. Nyumba igawanywe, mbuzi wagawanywe, na sanduku pia, kwa kuwa ni la mninga na lina thamani.

"Na vilivyomo?" aliuliza Stara.

"Vilivyomo ni karatasi tu, dada," alijibu mleta habari.

Neno hilo "tu" lilimkaa kooni siku mbili. Alimjua shemeji yake. Angefungua mbele ya kila mtu, angesoma kwa sauti, angecheka. Nani alimpa talaka nani, nani alishitakiwa kwa uchawi, nani alitoroka kutoka kwa bwana wake. Stara akaamua kufanya kama mumewe alivyokuwa akifanya. Akazitandika karatasi zote juu ya jamvi, akaanza kuzigeuza. Yenye Alhamdulillahi mgongoni, imekwisha, upande huu. Isiyo nayo, ni hai, upande ule. Alifanya kazi hiyo tangu alfajiri mpaka alasiri. Akakuta moja nzito kuliko nyingine, karatasi ya Kizungu, ina muhuri mwekundu wenye ndege. Akaishika kitambo. Akaigeuza. Mgongoni: Alhamdulillahi, mwandiko wa mumewe, mzuri kabisa.

Stara hakubahatisha. Alisoma, na alisoma sawasawa. Muhuri ni wa Mdachi, lakini neno lile ni la Mungu na la Abdulkadiri, na kwa Stara hao wawili walitosha. Akaiweka upande wa zilizokwisha.

Ardhi ya Dodoma kiangazi ni kama sufuria. Jembe liliruka. Akamwaga mitungi mitatu ya maji udongo ulainike, ndipo shimo likapatikana. Kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda ya mumewe ndicho alichozifungia.

Sasa Mgeni.

Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mfupi, mwenye maneno machache, aliyeuza vitumbua stesheni. Alizaliwa utumwani katika nyumba moja ya Tabora. Miaka tisa nyuma, kabla Dodoma haijawa mji, alitoroka na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni akaangukia kwa Abdulkadiri, na Abdulkadiri akamsimamia mbele ya boma mpaka akapewa cheti cha uhuru. Cheti kimoja, majina mawili: Mgeni, na bintiye Swaumu. Kwa vile Mgeni hakuwa na nyumba ya maana, leo kwa huyu, kesho kwenye banda, alimwomba wakili amtunzie. Naye akakubali. Stara siku zile alikuwa kwa dada yake, Kondoa, anamwuguza, na mumewe hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya watu hata kwa mkewe.

Alikuja asubuhi, beseni la vitumbua bado kichwani.

"Hodi, mama."

"Karibu. Vitumbua sitaki, jana nililetewa."

"Sijaja kuuza. Nimekuja na haja yangu." Akaliweka beseni chini, akakaa juu ya miguu yake. "Marehemu alinitunzia cheti. Chenye muhuri mwekundu. Aliniambia amekiweka chini ya sanda yake, mahali ambapo hapaguswi mpaka siku yake."

Stara alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama ndani ya ungo.

"Cheti cha nini?"

"Cha uhuru wangu na wa Swaumu." Sauti ya Mgeni ilishuka. "Bwana wangu wa zamani amekufa. Kuna mpwa wake, anaitwa Swedi, ameshuka kwenye gari la moshi juzi. Mimi hanitaki, anasema nimezeeka. Anamtaka mtoto. Anasema Swaumu alizaliwa nyumbani kwao kabla ya ule mwaka ambao serikali imesema watoto wote ni huru, kwa hiyo ni wao. Na ni kweli, alizaliwa kabla. Nikikosa cheti, atamchukua."

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?" Stara alifoka ghafla. "Siku tisini na tisa! Mbona hukuja?"

Mgeni akamtazama, hakuelewa hasira ile imetoka wapi. "Uko edani, mama. Mimi nilipika msibani hapa, hukuniona? Ningekujaje kukuuliza karatasi na wewe machozi hayajakauka? Watu wangesemaje?"

Stara akauvuta ungo karibu. Alisema tu, "Rudi kesho," kwa sauti ya mwenye nyumba. Mgeni akaondoka na beseni lake, ameridhika, kwa maana nyumba ile haikuwahi kupoteza kitu.

Alipokwisha kutoka, Stara alichukua jembe. Maji yale mitungi mitatu, aliyomwaga ili shimo lichimbike, yalikuwa yamewaita mchwa kutoka uwanja mzima. Aliikuta bafta imekuwa chujio. Aliinyanyua, ikamwagika mchanga mwekundu, na ndani ya mchanga vipande vyembamba kama maganda ya vitunguu. Akapiga magoti akachekecha kwa mikono. Katikati kulikuwa na karatasi moja nzima, haikuguswa hata ukingoni. Akaipangusa, akaigeuza huku na huku. Haina muhuri. Aliijua kwa ile kamba ya ngozi iliyofungwa ushanga mmoja wa buluu: ilikuwa ya Matonya, Mgogo wa Mtumba, shauri la punda aliyeingia shamba la mtama. Punda mwenyewe alikwisha kufa zamani.

Alikaa pale chini mpaka jua likamchoma utosi. Kisha akachekecha tena, mchanga uleule.

Kesho yake Mgeni aliporudi, Stara hakuzunguka. Alimkalisha, akamweleza lote, tangu ubao wa katikati hadi mchwa. Hakusema samahani. Neno hilo lilikuwa gumu mdomoni mwake hata kwa mumewe alipokuwa hai.

Mgeni alisikiliza. Alikuwa akisugua kidole gumba kwenye ukingo wa beseni, anasugua, anasugua.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu, na mimi, na wewe."

"Basi iishie hapo." Akasogea karibu. "Mama, sikia. Swedi hajui karatasi ile imeliwa. Anaogopa muhuri, nimemwona macho yake. Ana biashara ya ng'ombe Tabora, hawezi kukaa hapa mwezi. Akiuliza, usiseme ipo, usiseme haipo. Sema unaitafuta. Sanduku ni kubwa, uko edani, unaitafuta. Atachoka, ataondoka. Na akiondoka nampeleka Swaumu Kondoa, kwa dada yako, hamwoni tena. Nakuomba hilo tu."

"Kunyamaza naweza," alisema Stara.

Na kweli alinyamaza, mara ya kwanza. Swedi alikuja alasiri ileile. Mwanaume wa makamo, kanzu imepigwa pasi, harufu ya halwaridi ikamtangulia mpaka kwenye pazia. Mgeni alikuwa ndani, amebanwa pembeni ya kitanda, mkono mdomoni.

"Makiwa, bi mkubwa," alisema Swedi nje ya pazia.

"Tunayo."

"Marehemu alikuwa mtu mwema. Sisi Tabora tulimsikia. Nimeambiwa kwako kuna karatasi inayomhusu mjakazi wetu."

"Mjakazi? Hapa Dodoma namjua mwanamke mmoja anauza vitumbua. Vitumbua vyake vinauzwa kabla gari halijasimama. Mjakazi simjui."

Swedi akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyezoea kukubaliwa. "Ulimi wako hauko edani, bi mkubwa. Haya. Mimi si mgomvi wa serikali. Nionyeshe muhuri, hata kwa mbali, hata uupitishe chini ya pazia hili, napanda gari la Jumamosi narudi kwetu, na mtoto abaki. Wallahi."

Pazia halikutikisika.

"Mbona umenyamaza?"

"Sizungumzi sana na wanaume wanaonukia kuliko bibi harusi."

Akaenda zake anacheka, lakini alikwenda. Mgeni alitoka pembeni ya kitanda akaubusu mkono wa Stara, wa kulia, kisha wa kushoto. "Hivyo hivyo, mama. Hivyo hivyo." Siku saba zilizofuata zilikuwa za matumaini, na kama zingekuwa kumi na nne habari hii isingekuwapo. Swedi hakupanda gari la Jumamosi, ni kweli, lakini alionekana stesheni akiuliza la Jumanne. Swaumu, binti wa miaka kumi mwenye meno ya mbele makubwa, aliletwa kulala kwa Stara. Alimfagilia uwanja, akamwimbia nyimbo za wajenzi wa reli, maneno mengine si ya mtoto, na Stara akamfokea, naye akacheka.

Jumatatu akaja Hasani, karani wa boma. Alisimama nje ya ua akakohoa kwa adabu.

"Mama, Bwana Shauri anakuita barazani kesho. Swedi amepeleka mashitaka. Bwana anataka kumsikia mwenye kutunza karatasi."

"Niko edani, Hasani. Hujui?"

"Najua, mama. Nimemwambia. Amesema aje amejifunika, au atume neno kwamba bado anatafuta. Amesema ukiwa bado unatafuta atahirisha mpaka mwezi ujao, hana haraka." Hasani akateremsha sauti. "Mimi ningetuma neno, mama. Neno lako nitalifikisha mimi mwenyewe."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hasani aliushika kwa mkono, akangoja apite.

Mgeni alipopashwa habari alimwambia Stara, "Tuma neno." Majirani wakamwambia, "Mjane hatoki, tuma neno." Lakini Stara alikuwa na lake, na lilikuwa limemwiva muda mrefu. Miaka ishirini na sita Abdulkadiri alisimama mbele ya viti vya wakubwa, na watu walisema: likitoka kwa Abdulkadiri, halina shaka. Sasa yeye, mkewe, mwenye funguo, neno la kwanza ambalo nyumba ile italipeleka bomani baada ya kifo chake liwe la kumdanganya kadhi wa Kizungu? "Naitafuta." Anatafuta nini? Anakijua kilipo. Kimo tumboni mwa mchwa.

"Nitakwenda," alisema.

"Utasema nini?" Mgeni aliuliza.

"Nitasema nitakaloulizwa."

"Mama." Mgeni alimshika nguo. "Mama, mimi sikuombi heshima yako. Nakuomba siku chache tu."

"Niache nguo yangu."

Basi Jumanne asubuhi mji uliona jambo ambalo haukuwahi kuliona, mjane wa siku mia na saba anapita njiani mchana, amejifunika gubigubi, macho tu. Wanaume waligeuza nyuso. Alipita katikati yao, shingo imenyooka.

Baraza lilijaa. Bwana Shauri alikaa mezani, Mzungu mwekundu mwenye jasho, Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kilipigwa kama nyundo. Swedi upande mmoja. Mgeni upande wa pili, Swaumu mbele yake, mikono ya mama juu ya mabega ya mtoto.

"Wewe unatunza karatasi za Abdulkadiri?"

"Mimi."

"Karatasi ya mwanamke huyu iko kwako? Kama unaitafuta bado, sema, nitangoja."

Alimpa tena mlango uleule. Stara aliyaona macho ya Mgeni. Aliyaona vizuri, baadaye hakujidai kwamba hakuyaona. Yalikuwa yakimwambia neno moja: naitafuta.

"Siitafuti," alisema. "Niliizika. Mchwa wameila."

Kelele zikapanda barazani. Swedi aliinua kichwa taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali, na ile hofu iliyokuwa machoni mwake kwa siku zote hizo ikatoka, mtu akaiona inavyotoka.

"Kwa nini ulizika?"

"Nyuma yake iliandikwa Alhamdulillahi. Kwetu hilo ni shauri lililokwisha."

"Uliona jina la mwanamke huyu juu yake?"

"Nilimwona ndege mwekundu wa serikali."

"Ndege yuko juu ya karatasi zangu zote. Jina uliliona? La mtoto uliliona?"

Stara aliinua kidevu. Kisha, kwa sauti ileile ya juu, kwa sababu hakuwa na nyingine: "Sijui kusoma majina."

"Basi hujui ilikuwa karatasi gani."

"Najua."

"Hujui," alisema Bwana Shauri, wala hakusema kwa ubaya. Aligeuka kwa Mgeni. "Namba ya cheti unaijua? Vitabu vya boma lile la kabla ya reli vimekwenda Dari-Salama. Nikiwa na namba, nitaandika. Bila namba hakuna mtu wa kufungua vitabu vyote kwa ajili ya mtoto mmoja."

Mgeni hakujua hata kama kilikuwa na namba. Nani angemwambia? Alikiona mara moja tu, kikikauka wino mezani.

Ikaandikwa: mama haulizwi na mtu, aende zake. Mtoto arudi nyumbani kwa mabwana wa mama yake, mpaka cheti kitakapoonekana. Swaumu alimwuliza mama yake kwa sauti ndogo, "Wamesema nini?" na mama yake akamshika mkono, wakatoka.

Nje, kwenye jua, Mgeni alimngoja Stara. Hakupiga kelele. Watu walitaka apige kelele, walikuwa wamejipanga kuitazama.

"Ulitaka nini, mama? Sifa?"

"Nilisema kweli."

"Kweli ni yako. Lakini aliyeilipia ni mwanangu."

Stara akayashusha macho, na tangu azaliwe hilo lilikuwa halijamtokea hadharani. Akarudi nyumbani kumalizia eda yake.

Gari la Jumamosi lilipita saa nne za asubuhi. Swedi alikuwa amemnunulia mtoto leso mpya, ya maua makubwa, akamkalisha dirishani. Mgeni alikuwapo na beseni lake kama kila siku, kwa sababu hakujua kwenda stesheni bila beseni. Abiria wakamnyoshea mikono madirishani, akawahudumia, mikono inafanya kazi yenyewe. Akafika dirisha la Swaumu. Akafungasha vitumbua ndani ya jani, vingi, akampitishia. Mtoto akavipakata. Swedi naye, aliyekaa kando, alinyosha vidole akachukua kimoja, akala. Gari likaondoka. Mtoto alianza kulia pale lilipoanza kutembea, si kabla, maana alidhani mama yake atapanda.

Eda ilipokwisha, Stara hakuingoja mirathi. Alizitia karatasi zilizobaki ndani ya kikapu akaanza kuzirudisha, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Hadi Mtumba alitembea kwa miguu, alfajiri mpaka jua kali, kumpelekea Matonya karatasi ya punda wake.

"Mbukwa, mama," alisalimia Matonya kwa Kigogo, mzee mwenye masikio yaliyotobolewa, amekaa juu ya paa la tembe yake anaanika mtama. "Umekuja na miguu yote hiyo kwa punda mfu?"

"Ni yako. Ichukue."

"Niiweke wapi? Ndani kuna moshi, nje kuna ndama, ndama anakula hata ngozi ya kulalia. Kaa nayo wewe." Akashuka, akamletea maji katika kibuyu, akamtazama anavyokunywa. "Habari zako tulizisikia mpaka huku. Mwanamke aliyesimama mbele ya Mdachi akajishitaki mwenyewe. Karatasi zikae kwa mtu kama huyo."

"Mzee, niliipoteza ya mtu. Husikii? Mtoto amechukuliwa."

"Ndiyo. Na ukasema." Matonya akaingia ndani, akatoka na nyingine, imekunjwa mara nane, ya shauri la malisho na ndugu yake. "Na hii nitunzie."

Hakuwa peke yake. Walimrudishia nusu ya alizowapelekea, na wengine wakaleta mpya. Alikataa. Wakaziacha mlangoni. Shemeji alikuja akachukua sanduku la mninga, karatasi akazimwaga juu ya jamvi. Stara akazipanga kwenye pipa la unga. Alhamdulillahi ya mgongoni ikawa si ishara kwake tena. Hakuzika hata moja. Pipa likajaa, likaletwa la pili.

Mgeni alimwomba Hasani amwandikie barua ya Dari-Salama, bila namba. Jina lake, jina la mtoto, jina la boma, mwaka kwa kukisia. Ilikwenda mvua zikianza. Jibu lilikuja mtama ulipokwisha kuvunwa. Siku hiyo alipita kwa Stara, mara ya kwanza tangu barazani, hakubisha hodi, akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwa ndani.

Stara alitoka akasimama nyuma yake. Akaiona barua mapajani mwake, ndege mwekundu juu.

"Wamesemaje?"

"Wanauliza namba."

Gari la kutoka Tabora lilipiga filimbi mbali. Mgeni hakuinuka kwenda kuuza. Stara akanyosha mkono, kwa mazoea tu, mkono uliokuwa ukipokea karatasi za watu maisha yake yote.

Mgeni akautazama ule mkono. Akaikunja barua, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, akaitia kifuani mwake mwenyewe, ndani kabisa ya nguo, akafunga fundo juu yake.